Risiti Iliyopigwa Pasi

Mume wangu ni dobi, na watu wanamwita Mnyoosha. Jina hilo hakupewa kwa ajili ya nguo peke yake, maana nguo kila dobi ananyoosha. Alipewa kwa sababu hawezi kuona kitu kina mikunjo akakiacha. Noti ya chenji ataipapasa mpaka itulie. Madaftari ya watoto wetu, walipokuwa wadogo, yalikwenda shuleni majalada yake yamepigwa pasi. Siku ya harusi ya binti yetu mkubwa, wageni wamekwisha kaa na maombi yameanza, watu walimwona baba mtu amepiga magoti nyuma ya bibi harusi, anavuta pindo la shela likae sawa. Mimi humwombea. Namwambia Mungu, mja wako huyu umempa mikono mizuri, mwongezee na uvumilivu.

Meza yake iko kibarazani mwa posta, kando ya ukuta, mahali ambapo jua la mchana halifiki. Ni meza ya mbao nene, imetandikwa blanketi kuukuu na juu yake shuka jeupe lenye alama za pasi za miaka yote hiyo. Chini pana ndoo ya maji ya kunyunyizia na kopo la wanga. Pembeni pana jiko, kwa sababu pasi zake bado ni za mkaa, na yeye anasema pasi ya umeme haina adabu. Watoto wetu wamekula, wamevaa na wamesoma kutoka kwenye meza ile. Nikisali namshukuru Mungu kwa ukuta wa posta kama mwingine anavyoshukuru kwa shamba.

Upande wa kulia wa meza hiyo anakaa fundi viatu, naye anaitwa Kisigino. Yeye na mume wangu walipewa nafasi zao siku moja, bado vijana, na miaka ya mwanzo walikuwa wanakula sahani moja. Kisha siku moja cheche iliruka kutoka jikoni ikatua kwenye kiatu cha mteja, tena kiatu cheupe cha harusi. Kisigino akasema, "Jiko lako lilitakiwa likae kushoto. Ndivyo tulivyoambiwa siku tuliyopewa hapa." Mume wangu akasema hakuna aliyemwambia hivyo, na kushoto kuna upepo unaokula mkaa bure. Huyu akashika lake, yule akashika lake. Tangu hapo hawakusemezana tena, isipokuwa kupitia kwa wateja.

"Dada, mwambie huyo wa pasi moshi wake unaingia kwenye gundi yangu."

"Kaka, mwambie huyo wa viatu moshi hauna macho."

Na mteja wa watu, aliyefuata shati lake tu, anasimama pale katikati anageuza shingo huku na huku kama anaangalia mpira.

Mwaka huu ofisi ya mji ilitangaza kwamba vibali vyote vya zamani vya meza za barabarani vitabadilishwa. Unapeleka kibali chako cha zamani, unapewa risiti ya mashine, kisha unarudi na risiti hiyo kuchukua kibali kipya. Mwisho wa mwezi wakaguzi watapita. Meza isiyokuwa na kibali kipya itaondolewa na nafasi atapewa mwingine, na wanaoitamani nafasi ya posta ni wengi kweli kweli.

Mume wangu alipeleka kibali chake kwa wakati, akapewa risiti. Ilikuwa karatasi nyembamba, laini, imejikunja kama ukucha. Akaitia mfuko wa shati, nayo ikazidi kujikunja. Nadhani mmekwisha elewa.

Nilikuwa nimempelekea chakula cha mchana. Nikamkuta ameilaza risiti juu ya meza, ameifunika leso. Akapitisha pasi mara moja tu, polepole, kwa heshima kabisa. Alipoinua leso, karatasi ilikuwa nyeusi. Haikuungua, wala haikutoa harufu. Ilikuwa nyeusi ti, na imenyooka vizuri sana.

"Mama watoto," akaniita, "maandishi yamekwenda wapi?"

Nikalitaja jina la Mungu. Baadaye tulielezwa kwamba karatasi zile hazina wino, mashine inaziandika kwa joto, sasa ukizipelekea joto lote zinajiandika zote. Lakini saa ile hatukujua. Mungu anisamehe, nilicheka. Halafu nikauona uso wake, nikanyamaza.

Upande wa kulia nyundo ilikuwa imetulia. Kisigino akamwambia kijana aliyekuwa anasubiri kiatu, "Hebu muulize huyo wa pasi, ni kweli amepiga pasi risiti ya serikali?"

"Mzee, anauliza kama..."

"Nimesikia!" mume wangu akasema.

Kesho yake asubuhi tukaenda wote wawili ofisi ya mji. Kijana wa dirishani aliipokea ile karatasi, akaigeuza mbele na nyuma.

"Mzee, hii nini?"

"Risiti, mheshimiwa. Ya kibali."

"Mimi naona giza tu."

Hakuwa mkorofi. Alitueleza vizuri kwamba vibali vya zamani vimekwisha pelekwa masjala, yaani chumba yanamotunzwa majalada yote ya mji, na huko vimepangwa kwa namba ya kumbukumbu. Namba hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye risiti. Bila namba hawezi kujua kibali kipya cha kutoa ni kipi. "Nendeni masjala," akasema, "mlango wa mwisho. Ombeni kumbukumbu ya siku mlipopewa nafasi. Mkirudi na namba, kibali nakitoa hapa hapa."

Mume wangu alipofika ukumbini akageukia mlango wa kutokea.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Masjala ni mambo ya wakubwa. Mimi dobi nikadai mafaili ya serikali? Watanicheka mpaka wakatike mbavu."

"Na meza?"

Nikamshika mkono kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano, tukaenda mpaka mlango wa mwisho. Juu ya mlango pale palikuwa na tangazo, nami nikalisoma kwa sauti, neno moja moja, ili asikie: "Mkazi yeyote ana haki ya kuomba kuona kumbukumbu za ofisi ya mji zilizo wazi kwa umma, na kupewa nakala."

"Mkazi ndiye nani?" akauliza.

"Wewe."

"Mimi nakaa tu."

"Basi ndiye mkazi mwenyewe. Ingia."

Ndani tulimkuta karani, mama wa rika langu, amevaa sweta, penseli ameichomeka kwenye nywele. Nyuma yake rafu zilikwenda mpaka darini, na chumba kizima kilinuka karatasi za kale. Mume wangu akaanza kubembeleza. Anaomba radhi kwa usumbufu, anajua yeye si mtu wa maana, ila kama mheshimiwa atamhurumia...

"Baba," karani akamkatiza, "hunibembelezi mimi. Hiki unachotaka ni haki yako. Shika fomu, jaza, nitafute."

Mume wangu akakaa kwenye benchi akajaza. Akajaza. Akageuza upande wa pili akaendelea. Pale palipoandikwa "Eleza kumbukumbu unayoomba", yeye alieleza maisha yake tangu alipojifunza kushika pasi kwa mjomba wake. Karani akasoma yote bila kuruka, nikampenda kwa hilo. Kisha akavua miwani.

"Pole sana, baba, kwa yote uliyopitia. Lakini humu umeomba msamaha kila mstari, kumbukumbu hujaomba hata moja. Mimi nikienda nyuma kule sikuti watu, nakuta namba na miaka. Wewe nafasi yako ulipewa mwaka gani?"

"Mwaka wa marinda," mume wangu akajibu upesi.

"Mwaka wa nini?"

"Sketi za marinda, mama. Wanawake wote walikuwa wanavaa marinda membamba yale. Mgongo uliniuma mwaka mzima."

"Siyo," nikasema. "Marinda yalikuja baadaye. Ulipewa mwaka ule binti yetu mkubwa alikuwa anatambaa, akaingia kwenye ndoo yako ya wanga."

"Aliingia kwenye wanga akiwa anatembea!"

"Alikuwa anatambaa. Nani alimwosha?"

Karani aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika. "Jamani," akasema, "jalada la marinda sina. Ngoja nitazame miaka yote miwili."

Akapotelea kwenye rafu. Tuliketi pale kwenye benchi, mimi nasali kimoyomoyo, yeye ananyoosha kona za fomu. Karani aliporudi alikuwa na vumbi kwenye sweta na mikono mitupu.

"Sijaona. Na siwezi kufungua kila jalada la kila mwaka. Hebu niambie, siku ile ulipewa peke yako?"

Mume wangu akawa anatazama viatu vyake.

"Alipewa pamoja na fundi viatu," nikasema, na hapo hapo nikasikia mguu wangu umekanyagwa.

"Ala! Si mngesema mapema? Kama walipewa kwenye kikao kimoja, basi kumbukumbu yao ni moja. Huyo fundi amekwisha chukua kibali kipya?"

"Alikuwa wa kwanza," mume wangu akasema, kama anayemsema mtu vibaya.

"Basi kibali chake kina namba hiyo chini, upande wa kushoto. Niletee hiyo namba, nami nakuletea jalada tuhakikishe kwamba na wewe umo."

Njia nzima ya kurudi posta alikuwa anasema haendi. Nikamwacha aseme. Tulipokaribia akasimama.

"Fikiria na wewe, mama watoto. Mimi nikiondolewa, yeye anabaki na kibaraza kizima, kivuli chote, bila moshi. Kwa nini anisaidie? Mimi ningekuwa yeye..." Akatazama upande wa posta. "Sijui ningefanyaje."

"Hutajua mpaka umwombe," nikamwambia.

Tukamkuta Kisigino peke yake, ana misumari midomoni. Wakatazamana. Kisha wote wawili, kwa mazoea, wakaangaza huku na huku kutafuta mteja wa kusemea. Mteja hakuwapo.

"Shemeji," Kisigino akaniambia, "hebu muulize huyo wa pasi anataka nini."

"Mama watoto, mwambie..."

"Mimi leo sina mdomo," nikasema. "Nakwenda kununua sabuni." Nikasogea, ila si mbali. Sabuni nilikuwa nayo nyumbani.

Mume wangu akakohoa. "Jirani."

"Kumbe bado unanijua."

"Nina shida."

"Naijua. Iko mfukoni mwako, nyeusi."

"Nahitaji namba iliyoko chini ya kibali chako. Tulipewa kikao kimoja. Bila hiyo namba, meza yangu inaondoka."

Kisigino akatoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaipanga juu ya kiatu. Nami nikawa nasema ndani kwa ndani, Ee Mungu, Ee Mungu, lainisha moyo huu. Akaitazama ile meza na blanketi lake, akalitazama na jiko.

"Hivi wewe ukiondoka hapa," akasema, "mimi nitagombana na nani? Wataniletea kijana wa kuuza simu, anapiga muziki kutwa nzima. Wewe angalau nimekuzoea."

Akainama chini ya kiti chake akatoa boksi la viatu, na ndani yake kibali kikiwa kwenye mfuko wa nailoni. Mume wangu akanyoosha mkono. Kisigino akarudisha boksi kifuani.

"Kwanza lete pasi yako."

"Ya nini?"

"Niishike mimi. Sitaki wewe na pasi mkaribiane na hii karatasi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mume wangu naye mdomo ukamcheza, lakini akajikaza. Akampa pasi kweli, ikiwa imepoa, na Kisigino akaipakata kama mtoto mpaka namba yote ilipokwisha kunakiliwa.

Tukarudi masjala, na fomu ya pili haikuchukua mistari mingi. Mume wangu aliandika namba, akaandika kibaraza cha posta, akaandika meza mbili, ya fundi viatu na ya dobi. Msamaha hakuomba. Karani akaisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii sasa ndiyo naielewa. Njooni kesho."

Kesho yake tulikuta jalada liko tayari juu ya meza, kamba imefunguliwa. Mume wangu akasimama mbali.

"Sogea, mkazi," karani akamwambia. "Ni la kuangalia."

Akafuta mikono kwenye suruali ndipo akasogea. Ulikuwa muhtasari wa kikao, umechapwa kwa mashine ile ya zamani ya kugonga. Akausoma kwa kidole, mimi nachungulia begani kwake. Ulisema ruhusa imetolewa kwa meza mbili kibarazani mwa posta. Kisha chini: "Sharti: jiko la mkaa la dobi likae upande wa kushoto wa meza yake, mbali na fundi viatu, kwa sababu ya gundi. Wahusika wamesomewa sharti hili na wamekubali."

Chini ya hapo palikuwa na sahihi mbili. Moja ya Kisigino, imepinda. Ya pili ya mume wangu, imenyooka kama imepigwa rula.

Kidole kilikuwa bado pale pale kwenye neno kushoto.

"Hii ni sahihi yangu," akasema mwishowe.

"Ni yako," nikasema.

"Siku ile furaha ilinizidi. Nilikuwa nawaza rangi ya kuipaka meza. Walisoma, nami nilikuwa naitikia tu."

Karani, ambaye hakujua habari za cheche wala kiatu cheupe, akauliza, "Namba imehakikishwa. Dirishani inatosha hiyo hiyo. Au unataka na nakala ya ukurasa?"

Nikafunga mdomo. Hapo palikuwa pake peke yake. Angesema namba inatosha, jalada lingefungwa kamba, likarudi kwenye rafu, na jiko lingebaki lilipo. Nani angekwenda kulifukua? Alikuwa anautazama ukurasa, na dole gumba lake likaanza lenyewe kunyoosha kona iliyokunjamana.

"Baba, usininyooshee kumbukumbu," karani akasema.

Akauondoa mkono. "Nipe nakala," akasema. "Nipe mbili."

Nakala zilitoka kwenye mashine zina moto, kama nguo inapotoka mezani kwake. Akazishika kwa viganja vyote viwili, nikaona kwamba zimempendeza.

Dirishani kibali kipya kilitolewa siku hiyo hiyo, na yule kijana akamsihi, "Mzee, hiki tafadhali," akafanya mkono kama anapiga pasi, akatikisa kidole. Habari zilikuwa zimekwisha enea jengo zima.

Tulipofika posta hakupitia kwenye meza yake. Alikwenda moja kwa moja kwa Kisigino akampa nakala moja bila neno. Kisigino akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaisoma mpaka kwenye sahihi. Nikajua sasa tutasimangwa mpaka jioni. Kumbe.

"Yaani hii ilikuwepo muda wote huu?" akauliza.

"Ilikuwepo."

"Na ukiomba wanakupa?"

"Wanakupa. Mradi ujue unachoomba."

"Ningejua, ningekwenda kuiomba siku ile ile kiatu kilipoungua!" Akaipigapiga ile karatasi gotini. "Miaka yote hii nagombana kwa mdomo mtupu!"

"Ulikuwa sahihi," mume wangu akasema. Alilisema neno hilo kwa shida, kama mtu anayemeza kidonge bila maji, lakini alilisema.

Kisigino akajikuna kidevu. "Na upepo wa kushoto je? Ni kweli upo. Hata mimi nauona."

"Nitauzibia bati."

"Bati ninalo."

Wakalishika jiko huku na huku, makaa ya asubuhi yakiwa bado ndani, wakalihamisha, kila mmoja anamwambia mwenzake aangalie asiungue, na kila mmoja anajibiwa kwamba si mtoto. Mteja mmoja alikuja akasimama katikati, tayari kutumwa maneno kama kawaida. Hakutumwa. Akabaki anashangaa, masikini, mpaka nikampa suruali yake.

Mwisho wa mwezi mkaguzi alipita. Alikitazama kibali, akatazama jiko lilipo, akaandika kitu chake, akaenda kwa wengine. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara na kapu langu, nikamshukuru Mungu pale pale, watu wanapita.

Kibali chetu hakikai nyumbani wala mezani. Kinakaa kwa Kisigino, ndani ya boksi la viatu, pamoja na cha kwake. Ndiye aliyetaka hivyo, na mimi nikakubali kabla mume wangu hajafungua mdomo. Kina mkunjo mmoja katikati, kwa sababu kilikunjwa ili kienee kwenye mfuko wa nailoni. Siku nyingine, kazi ikiwa chache, mume wangu anaomba akione. Kisigino anafunua boksi kidogo, amekaza mikono miwili juu yake. Mume wangu anautazama ule mkunjo, anahema, kisha anarudi kwenye meza yake na kunyoosha kola.